Alama ya Ngamia kwenye Baiskeli ya Mwalimu

Watu wa Garissa wana midomo, na midomo hiyo ilimpa Yarow jina la Mchunga Vyuma. Walimwita hivyo mbele yake, tena wakicheka, naye akaitikia kama aliyeitwa kwa jina alilopewa na baba yake. Angefanya nini? Mtu aliyekuwa na zizi la ngamia huko Fafi, leo anakalia dumu lililopinduliwa nyuma ya Soko Mugdi, grisi imempanda mpaka viwikoni, anagombana na fremu ya baiskeli iliyotengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Anayetaka kucheka hakosi sababu.

Ila kazi yake usiicheke. Yarow hakuwa fundi wa kuziba pancha. Alikuwa akizisaka zile baiskeli nyeusi za zamani, nzito, ambazo watu wetu huziita blakimamba, zilizoachwa na makarani na wapima mifugo wa enzi zile. Alizipata kwenye mabanda ya kuku, kwenye stoo za ofisi zilizofungwa, na nyingine kule kambini Ifo, ambako wakimbizi walizibebea maji mpaka zikachoka. Baiskeli mpya za dukani alizidharau waziwazi, akisema chuma chake kinafaa kutengenezea vijiko. Akishapata fremu ya zamani aliivua kila kitu, akaipiga msasa, akaigonga polepole kwa spana huku ametega sikio, asije akakuta imeoza ndani. Foki aliitanua ipitishe tairi pana na madigadi akayatupa, kwa sababu barabara zetu za murram zina mchanga unaomeza gurudumu jembamba na mawe yanayovunja rimu bila salamu. Gurudumu la nyuma alilifunga spoki nene. Ndani ya tairi, kabla ya kutia tyubu, alipanga utepe wa mpira aliokata kutoka tairi kuukuu, maana miba ya migunga ya Fafi haina huruma na mtu. Baiskeli ikitoka mikononi mwake ilikuwa na sura ya mzee, lakini ilikwenda Bura na kurudi bila kulalamika.

Hakuichagua kazi hiyo. Kile kiangazi kirefu ndicho kilichomchagulia. Ndugu yake mkubwa, Abdullahi, alihamisha ngamia wake mapema kuelekea Ijara, akamsihi wafuatane. Yarow akaweka ngumu, akasema mvua iko njiani. Mvua haikuja. Ngamia walipoanza kulala chini na kushindwa kuinuka, aliwaswaga waliobaki mpaka soko la mifugo la Garissa na kuwaachia wachinjaji. Wa Abdullahi walipona. Siku aliyorudi, Abdullahi alisimama kisimani watu wakiwa wamejaa, akasema kuna mtu aliyeipeleka alama ya baba yao kwenye kisu. Hakutaja jina, na haja ya kulitaja haikuwapo. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawakusemezana tena, na Yarow akaja mjini na aibu yake.

Hiyo alama nayo inafaa ielezwe, kwa sababu ndiyo iliyoleta balaa lote hili. Huko kila ukoo una alama yake ya moto, sumad kwa Kisomali, ambayo ngamia huchomwa shingoni. Ya akina Yarow ilikuwa mistari miwili na duara chini yake. Ngamia mwenye alama hiyo, hata ukimkuta mbali na nyumbani mikononi mwa mtu usiyemjua, ni wa akina Yarow. Unamchukua, na hakuna wa kukuuliza. Ukitaka kumpa mtu ngamia, au kumuuzia, ni lazima usimame kisimani mbele ya watu utangaze kwamba ngamia fulani sasa ni wa fulani. Hapo ndipo alama inapohesabiwa kuwa imehama. Pasipo tangazo, aliye naye ni mwizi. Mtoto wa huko anajua hivyo kabla hajajua kufunga viatu.

Mkewe Yarow, Lul, alikataa katakata kuhamia mjini. Alibaki Dololowein, kijiji kilicho ndani ndani ya Fafi, mbele ya Bura, pamoja na mbuzi wachache na binti yao wa pekee, Ifrah. Na Ifrah alikuwa na kichwa, wallahi. Alisoma mpaka maandishi ya magunia ya msaada. Mwaka huo alikuwa afanye mtihani wake wa mwisho pale shuleni, na jina lake lilikuwa limeshaandikishwa hapo hapo, kwa hiyo habari ya kumhamishia shule ya mjini ilikuwa imepitwa na wakati. Yarow, ambaye hajui kusoma hata kibao cha duka, alikuwa ameweka roho yake yote kwenye mtihani huo. Ngamia walishakwenda, heshima ilishakwenda. Huyo mtoto ndiye aliyebaki.

Lul hakuwa mkaidi, alikuwa mwanamke aliyechoka. Walielewana hivi: msichana atasoma mradi tu kuna mwalimu. Siku mwalimu akikosekana, shule ikafungwa, atafuata ngamia wa Abdullahi, adeer yake, yaani baba yake mkubwa. Abdullahi alikuwa akilia kila mara kwamba hana mikono ya kutosha ya kuchunga. Na wakati wa njaa, ingawa kaka na mdogo wake hawakusalimiana, ni yeye aliyempelekea Lul maziwa. Mtu kama huyo utamkataliaje milele? Yarow alikubali kwa shingo upande.

Sasa basi, huyo mwalimu. Alikuwa mmoja tu. Walimu waliotoka bara, yaani sehemu nyingine za Kenya, walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine tangu wenye bunduki waanze kuwashambulia wageni, na usiwalaumu, kuna wenzao waliozikwa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa huko huko na alionekana shuleni siku za wageni. Aliyebaki akifundisha ni Hesbon, Mbukusu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kusimamia kwaya, aliyejifunza Kisomali cha kusalimia na kuwaulizia watu mbuzi wao. Aliambiwa alale Bura, karibu na kituo cha polisi, kwa usalama wake. Kwa hiyo kila asubuhi alihitaji kwenda Dololowein na kila jioni kurudi, na wenye bodaboda walikataa kumbeba. Walimwambia bila kumficha kwamba akipigwa risasi yeye, aliye mbele yake naye anakufa. Akawa anatembea. Anafika jua limeshakuwa kali na nusu ya watoto wametawanyika. Mwishowe akaanza kusema kwamba ataomba uhamisho.

Ifrah alimpigia baba yake kwa simu ya mama yake, akamweleza. Hakulia wala hakuomba chochote. Alisema tu kwamba mwalimu amechoka kutembea.

Hesbon alipokuja Garissa kwa shughuli zake, Yarow alimvizia sokoni, akamshika mkono, akamleta mpaka kwenye banda lake. Akamnunulia chai, akamkalisha kwenye lile dumu, yeye mwenyewe akachuchumaa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alichotaka kusema kilieleweka.

"Maalim, wewe usiende. Hii barabara mimi najua yote. Natengeneza wewe kitu ya kukaa."

Alikuwa na fremu moja aliyokuwa akiificha chini ya turubai, nzuri kuliko zote, chuma chake hakijaguswa na kutu. Alikuwa ameiweka ili siku moja aitengeneze iwe yake. Akaitoa. Kazi zote nyingine akazisimamisha, na wateja wakanuna, akawaacha wanune. Aliinyoosha foki, akatafuta habu za zamani ambazo gololi zake bado zilizunguka kwa raha, akafunga magurudumu na kuyafungua na kuyafunga tena mpaka hayakuyumba hata kidogo. Nyuma alichomelea keria ya nondo ya kubebea vitabu. Akanunua kiti chenye springi, kwa sababu alisema mwalimu hawezi kufundisha akiwa na maumivu ya mahali pasipotajwa. Hesbon aliposimuliwa hilo alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye baiskeli yoyote. Alichukua tupa, na pale mbele, chini ya usukani, upande wa kulia ambako ndiko shingo ya ngamia huchomwa, akachora mistari miwili na duara chini yake, akajaza shaba ndani ya mikwaruzo, akaisugua ikang'aa. Alama ya baba yake.

Ukimuuliza, alifanya hivyo kwa mapenzi. Aliwaza kwamba barabara ile ina watu wa kila aina, na mgeni asiye na mtu nyuma yake ni rahisi kuguswa. Mwenye kuiona alama atajua huyu yuko chini ya mkono wa akina Yarow. Alimwonyesha Hesbon kwa kidole, akamwambia mtu akimsimamisha aionyeshe hiyo, aseme ametumwa na Yarow. Hesbon akaipapasa, akashukuru. Kwake ilikuwa urembo.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia Yarow, kwa sababu alijua. Alijua kuliko mtu mwingine yeyote kwamba alama haitolewi kimya kimya. Alipaswa kwenda kisimani Dololowein, asimame, atangaze: baiskeli hii yenye alama ya baba yangu sasa ni ya mwalimu. Maneno ya pumzi moja. Lakini kisimani ndiko aliko Abdullahi, na Yarow hakutaka kusimama mbele ya yule aliyemdhalilisha mahali pale pale. Akajidanganya kwamba alama itajisemea yenyewe. Akaahirisha, na hata Lul na Ifrah hakuwaambia kwamba ni yeye aliyeitoa. Kiburi kile, jamani, kiburi cha mtu aliyekwisha kupoteza kila kitu, hakina dawa.

Baiskeli ilifanya kazi yake. Hesbon alifika shuleni mapema, akapiga kengele mwenyewe, na watoto waliokuwa wameshazoea kulala wakaanza kukimbia. Ifrah alikuwa akipiga simu kila juma. Alimwambia baba yake kuhusu hesabu, kuhusu mito ya nchi ambazo hatazifikia, na kwamba mwalimu anasema akishika hivyo hivyo ataitwa shule kubwa ya sekondari. Yarow alisikiliza akiwa amefumba macho, spana mkononi, wateja wakimsubiri. Kuna siku alijisahau akaanza kuimba nyimbo za kunyweshea ngamia. Majirani walishangaa, kwa sababu hawakujua kwamba ana sauti.

Kisha mvua ikanyesha upande wa kwetu, na watoto wa Abdullahi, vijana wawili waliokuwa na ngamia huko Ijara kwa muda mrefu, wakarudi. Hawakujua habari ya mwalimu wala baiskeli, na baba yao, asiyefika shuleni, naye hakuwa ameiona. Walichokiona barabarani jioni moja ni mtu wa bara, peke yake, amekalia chuma chenye alama ya babu yao. Wakamsimamisha. Hesbon, kama alivyofundishwa, akawaonyesha ile alama kwa kidole huku akitabasamu, akasema Yarow, Yarow. Hebu fikiri ilivyoonekana machoni pao. Mwizi anakuonyesha alama ya mali yako, na anacheka.

Walimpiga kwa fimbo za kuchungia. Akakiona cha mtema kuni. Alipoinua mkono kujikinga uso, mkono ukavunjika, ule wa kulia, wa chaki. Wanawake waliokuwa wakirudi na mkokoteni wa punda ndio waliomkuta na kumpeleka Bura.

Na hata hapo mambo hayakuwa yameharibika. Hilo ndilo linaloniuma mimi. Hesbon, akiwa amefungwa mkono kwa leso, alikaa mbele ya chifu wa Bura na wazee wa Dololowein, akasema hana kinyongo na vijana, wamekosea tu. Akasema kesho yake apigiwe simu Yarow aliyeko Garissa, aseme kwa mdomo wake kwamba baiskeli alimpa yeye, na wote wasikie. Likishasemwa hilo, atarudi darasani na mkono mmoja, maana mtihani umekaribia na ubaoni anaweza kuandika kwa kushoto. Asiposafishwa jina, hawezi kusimama mbele ya watoto akiitwa mwizi. Wazee wakaona ni maneno ya mtu mzima. Wakakubaliana wakutane asubuhi wapige simu. Abdullahi na wanawe hawakuwapo kwenye kikao hicho.

Asubuhi hiyo hiyo gari la mifugo likasimama mbele ya banda la Yarow. Akashuka Abdullahi, ndevu zimetiwa hina, amevaa koti lake la sherehe, na nyuma yake wazee wawili wa ukoo. Vijana wakateremsha baiskeli. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda na kwenye kiti palikuwa na damu iliyokauka. Yarow akaelewa yote kabla hajaambiwa neno. Akakaa kwenye dumu lake.

Watu walishaanza kukusanyika, maana Soko Mugdi halikosi wenye nafasi. Abdullahi akaja akasimama mbele ya mdogo wake, macho yamejaa machozi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kisimani akamsemesha.

"Yarow, mwana wa mama yangu. Nilikusema vibaya mbele ya watu, na leo nasema mbele ya watu kwamba nilikosea. Wanangu wameikuta alama ya baba yetu kwa mwizi, wameirudisha nyumbani. Pokea mali yako, walaal, ndugu yangu, na mimi unisamehe."

Ulikuwa ndio wakati. Sentensi moja tu ilihitajika: huyo si mwizi, nilimpa mimi. Lakini tazama ilichobeba. Angesema hivyo, basi yeye ndiye aliyempa mgeni alama ya baba yao kimya kimya, kama mtu anayegawa pipi. Vijana wangekuwa wamemvunja mkono mtu asiye na kosa, na aibu ingemwangukia Abdullahi dakika ile ile aliyojishusha kuomba msamaha. Wazee wangeinuka na kuondoka. Na yale maneno ambayo Yarow alikuwa ameyangoja kwa moyo uliovimba, yangerudi mdomoni yalikotoka.

Alipofungua mdomo, alijisikia akisema, "Mungu awalipe wanao."

Abdullahi akamkumbatia. Watu wakaitikia amin. Chai ikaagizwa, ya maziwa ya ngamia, na mtu akaleta mkeka. Yarow aliketi katikati ya wazee, mahali ambapo hakuwahi kuketi tangu aje mjini, na moyoni akajiambia atamweleza kaka yake wakiwa wawili, baadaye, kwa utaratibu. Hapo simu yake ikalia.

Alitazama namba. Ilikuwa ya chifu wa Bura. Hakuhitaji kuambiwa ni nini, na alijua ni nani aliyekaa kando ya chifu. Simu ililia mpaka ikakata. Ikalia tena. Abdullahi akamuuliza kwa nini hapokei, ni nani huyo. Yarow akasema ni mteja tu, akaizima, akaitia mfukoni.

Baada ya swala ya adhuhuri, mlangoni mwa msikiti kwa kuwa mjini hakuna kisima, Abdullahi alisimama mbele ya wanaume wote, akatangaza kwa sauti kwamba ngamia wake jike, yule mweupe mwenye mimba, kuanzia siku hiyo ni wa ndugu yake Yarow. Alifanya kama inavyotakiwa, hadharani, jina la ngamia na jina la mpokeaji. Watu wakampa Yarow mikono. Mchunga Vyuma alikuwa ana ngamia tena, na hakuna aliyemcheka. Akalia, na wote wakadhani analia kwa furaha. Nusu ilikuwa furaha kweli, na hilo ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote.

Kesho yake alipanda gari kwenda Bura, akijiambia kwamba bado hakujaharibika kitu. Chifu alimpokea vizuri, akampa kiti. Alimwambia kwamba walimsubiri kwenye simu mpaka chai ikapoa. Halafu habari zikafika kutoka Garissa kwamba amepokea baiskeli yake mbele ya watu na kuwashukuru vijana, kwa hiyo wazee waliona hakuna haja tena ya kumsumbua. Mwalimu alikuwa ameondoka alfajiri na gari la polisi. Chifu akampongeza kwa ngamia, naye Yarow akashukuru.

Alimkuta Hesbon jioni, Garissa, kwenye stendi ya mabasi. Walikuwa wamepishana njiani. Mkono ulikuwa kwenye plasta, jicho moja limefura, na mfuko wake mmoja uko miguuni. Yarow alianza kuongea kabla hajamfikia, Kiswahili kikimtoroka, akasema twende Bura sasa hivi, mimi nasema kwa wote, mimi naleta wazee. Hesbon alimwacha amalize. Alikuwa mtu wa adabu hata akiwa amevunjika.

"Chifu alipokupigia jana, simu ulikuwa nayo?"

Yarow akasema alikuwa nayo.

"Wale vijana walinipiga kwa sababu hawanijui, mzee. Nikishafika kwetu nitawasamehe. Wewe unanijua."

Basi likawashwa, utingo akaanza kuita watu waingie. Hesbon aliuinua mfuko wake kwa ule mkono mzima, akapanda ngazi ya kwanza, kisha akageuka.

"Kitu kimoja tu nakuomba. Ifrah asije akaamini kwamba niliiba. Wengine waseme wanavyotaka. Huyo mtoto mwambie ukweli."

Yarow akaapa kwa jina la Mungu kwamba atamwambia. Aliapa mara kwa mara, akitembea kando ya basi likitoka, mpaka likampita.

Shule ya Dololowein ilifungwa juma hilo hilo. Mwalimu mkuu alikuja kuweka kufuli, na hiyo ilikuwa kazi pekee aliyoonekana kuifanya mwaka mzima. Ofisini wakasema watatuma mtu mwingine, na wote tunajua maana ya maneno hayo. Lul alimpigia mumewe simu. Hakumlaumu, alimwambia tu kwamba ngamia wa Abdullahi wanahamia malisho ya mbali na msichana anakwenda nao, kama walivyoelewana. Kama anataka kumuaga, aje.

Alifika asubuhi ngamia wakiwa wanafungwa mizigo. Abdullahi alimwona kutoka mbali, akaacha kamba, akaja kumkumbatia mbele ya wanawe na wachungaji wengine, akamwita walaal kwa sauti ili kila mtu asikie. Akamshika bega, akamwonyesha yule ngamia mweupe, tumbo kubwa, amepangwa mbele ya msafara. Vijana wawili wakaja kumbusu mkono. Yarow akawapa mkono wabusu.

Ifrah alikuwa amesimama kando na dumu la maji, amejifunga mtandio wa safari. Sare ya shule hakuivaa. Alikuwa amekonda. Alimsalimia baba yake kama inavyotakiwa, kisha akasogea karibu, lakini hapakuwa na faragha pale. Adeer yake alikuwa hatua chache tu, anakaza mkanda wa ngamia, na vijana walikuwa wamesimama wanasikiliza.

"Aabo, wasichana wenzangu wananicheka. Nimewaambia mwalimu hawezi kuiba, nimegombana nao wote. Mama anasema hajui. Wewe unajua. Niambie tu nitulie. Aliiba?"

Abdullahi aliinua kichwa kutoka kwenye mkanda. Hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa akitabasamu, anamtazama mdogo wake kwa mapenzi, anangoja msichana ajibiwe ili waondoke kabla jua halijawa kali.

Yarow alimtazama binti yake. Alimtazama kaka yake.

"Ndiyo," akasema. "Aliiba."

Ifrah akaitikia kwa kichwa. Akatundika dumu ubavuni mwa yule ngamia mweupe, akashika kamba yake, akaanza kutembea.